Taarifa za Kiintelijensia: Nani Ampe Nani, na kwa Masharti Gani?

Barua zilizotufikia safari hii kutoka Dodoma, Singida na wilaya za jirani zinazungukia jambo moja: habari za uhalifu zinazopita mikononi mwa polisi kabla mtu hajafikishwa mahakamani, yaani taarifa za kiintelijensia. Tumezifupisha na majina tumeyaondoa. Kila barua inafuatwa na jibu letu.

Mimi ni mwanafunzi wa sheria, Chuo Kikuu cha Dodoma. Nimesikia Marekani wana kanuni moja inayosimamia namna vyombo vya polisi vinavyopeana taarifa za kiintelijensia. Inasema nini, na sisi tuna nini cha kufanana nayo?

Kanuni unayoitaja ni Sehemu ya 23 katika Juzuu ya 28 ya Kanuni za Serikali Kuu ya Marekani. Ilitungwa mwaka 1980, ikafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1993. Inavibana vyombo vinavyoendesha mfumo wa pamoja wa taarifa kwa fedha zinazotolewa chini ya sheria yao ya kudhibiti uhalifu ya mwaka 1968. Ili uielewe, kumbuka mambo mawili. Marekani ina vyombo vya polisi takribani 18,000, vya miji, wilaya, majimbo na serikali kuu, na kila kimoja kina mkubwa wake. Pili, miaka ya 1960 na 1970 iligundulika kuwa baadhi ya vyombo hivyo vilikuwa vimejaza makabati kwa majalada ya watu ambao kosa lao lilikuwa kuandamana au kuikosoa serikali.

Ndiyo maana sharti la kwanza linagusa mlango wa kuingilia. Jina la mtu haliingizwi kwenye mfumo mpaka kuwe na shaka ya msingi, yaani mambo ya kutosha kumfanya askari aliyefunzwa aamini kwamba kuna uwezekano wa kweli mtu huyo anahusika na uhalifu fulani unaotajika. Hisia haitoshi, wala udugu na mtuhumiwa. Imani ya dini, siasa au mwelekeo wa kijamii wa mtu haviandikwi, isipokuwa kama vinahusiana moja kwa moja na uhalifu anaoshukiwa nao. Habari iliyopatikana kwa kuvunja sheria haiingii kabisa.

Sharti la pili ni la mlango wa kutokea. Anayeomba lazima awe na haki ya kujua, maana yake sheria inampa kazi hiyo, na pia awe na haja ya kujua, maana yake kazi aliyo nayo leo inaihitaji habari ile. Wengi huona la kwanza na kulisahau la pili. Askari mwenye cheo kikubwa anaweza kuwa na haki bila kuwa na haja. Kila inapotolewa, huandikwa nani kapewa, kwa sababu gani na tarehe gani. Taarifa nayo hubeba alama: unyeti wake, kiwango cha kuaminika, na chombo kilichoileta. Na kabla haijatimiza miaka 5 lazima ipitiwe upya. Isipothibitika kuwa bado inafaa, inaondolewa, na waliokwisha kuipokea wanajulishwa.

Kwetu muundo ni tofauti. Jeshi la Polisi ni moja, Bara na Visiwani, chini ya IGP, mkuu wa jeshi hilo. RPC (kamanda wa polisi wa mkoa) wa Dodoma na RPC wa Singida hawako katika vyombo viwili. Habari kati yao inafuata mnyororo wa amri, Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, na Kanuni za Kudumu zinazofahamika kama PGO. Suala la chombo kwa chombo linaanza polisi wanapopeana habari na TAKUKURU ya kupambana na rushwa, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Uhamiaji au kitengo kinachoshughulikia fedha haramu. Hapo kila kimoja kina sheria yake. Juu ya zote kuna Ibara ya 16 ya Katiba inayolinda faragha, na sasa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inalegeza masharti yake kwa kazi ya kuzuia na kubaini uhalifu na kwa usalama wa taifa. Soma ulegezaji huo kwa makini: unahusu kazi, haumhusu askari kama mtu. Askari anayetafuta namba ya simu ya mpenzi wake wa zamani hafanyi kazi ya kuzuia uhalifu.

Katika tasnifu yako usiandike kwamba kanuni ya Marekani "inatumika" hapa. Itumie kama kipimo cha kuulizia maswali.

Ni mpelelezi kijana mkoani Singida. Taarifa ninazopeleka mkoani zinarudishwa na maandishi mekundu: "haina daraja". Daraja linapangwaje?

Kuna mitindo kadhaa. Uingereza tangu mwaka 2016 wanatumia wa 3x5x2. Ule ulio rahisi kujifunza ni wa 4x4 (ngazi 4 za chanzo, 4 za habari), unaotumiwa na Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, na kufundishwa katika mafunzo mengi ya kimataifa. Tumia fomu ya ofisi yako, lakini mantiki ni hii hii: chanzo hupimwa peke yake, habari hupimwa peke yake.

Chanzo hupewa herufi. A ni ambaye hakuna shaka yoyote juu yake. B ni ambaye mara nyingi habari zake zimekuwa za kweli. C ni ambaye mara nyingi zimekuwa za uongo. X ni ambaye bado huwezi kumpima, kama mtu anayepiga simu kwa mara ya kwanza. Habari hupewa namba. 1 ni ile ambayo ukweli wake hauna shaka. 2 ni ile ambayo chanzo anaijua mwenyewe, kwa mfano aliona kwa macho, ila wewe hukuiona. 3 ni ya kusikia, lakini inaungwa mkono na habari nyingine iliyokwisha kuandikwa. 4 ni ya kusikia na haina cha kuiunga mkono.

Chukua mfano. Fundi pikipiki ambaye habari zake nyingi zimewahi kuwa za kweli anakwambia mteja wake amesema kuna nyumba inafichwa pikipiki za wizi. Wengi wangeandika A1 kwa sababu "fundi yule namwamini". Hapana. Fundi ni B, lakini hakuona kitu, na hakuna kingine kwenye kumbukumbu: B4. Wiki inayofuata askari wa doria anaandika kwamba ameona pikipiki 2 zisizo na namba zikiingizwa mle usiku. Hiyo ni taarifa nyingine, ina karatasi yake na daraja lake. Ya fundi sasa unaweza kuipandisha iwe B3, na uandike tarehe na sababu ya kuipandisha.

Kosa linaloua kazi nyingi ni habari moja kuzunguka na kurudi ikiwa imevaa nguo nyingine. Wewe unaipeleka mkoani, mkoa unaipeleka makao makuu Dodoma, Dodoma wanamuuliza mwenzao wa wilaya ya jirani, naye anakupigia: "Hata Dodoma wanazo habari hizo." Unafurahi, unaandika "imethibitishwa". Haijathibitishwa na mtu. Ni sauti yako inayorudi kutoka bondeni. Dawa yake ni kila taarifa kubeba namba ya kumbukumbu na tarehe ya ile ya kwanza kabisa, kila inapopita.

Kingine ni kuchanganya alichosema chanzo na unachofikiri wewe. Tenga aya mbili. Katika ya kwanza weka habari, kila jambo kwenye sentensi yake, kwa sababu chanzo kimoja anaweza kuwa ameona jambo moja na kusikia la pili, na madaraja yatatofautiana. Katika ya pili andika maoni yako na uyaite maoni. Halafu majina. Ukiandika "Juma wa Chamwino" umeandika watu wengi sana. Weka jina kamili, jina la utani, umri wa kukadiria, kijiji au mtaa, kazi, na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) au ya simu kama unazo. Huna hata kimoja zaidi ya jina? Sema wazi kwamba utambulisho haujathibitishwa, maana mtu wa pili atakayeisoma hatakuwa na wewe pembeni wa kumfafanulia.

Chini kabisa andika masharti: nani anaruhusiwa kuisoma, kama inaweza kutumika mahakamani, na tarehe ya kuipitia upya. Europol wana alama za namna hiyo. Moja inakataza habari kutumika kama ushahidi bila ruhusa ya aliyeitoa, nyingine inakataza kuisambaza bila ruhusa hiyo.

Na usitume picha ya karatasi hiyo kwa simu yako binafsi, hata kwa bosi wako. Kukiwa na dharura piga simu kwenye namba ya ofisi unayoijua tayari, toa kinachohitajika tu, na kabla zamu yako haijaisha ingiza kwenye rejesta nani ulimpa na kwa nini.

Ni mwenyekiti wa mtaa jijini Dodoma. Polisi kata ameniambia kwa siri kwamba kijana mmoja wa hapa anashukiwa kuvunja nyumba usiku. Wananchi wana haki ya kujua. Niweke kwenye kundi la WhatsApp la mtaa?

Usiweke, Mwenyekiti.

Ulichopewa ni shaka. Huenda daraja lake ni la chini kabisa, na wewe hukuambiwa daraja. Ukiweka jina kwenye kundi lenye watu 200, jioni ile ile limeshafika kwenye makundi mengine 10, na neno "anashukiwa" limeshadondoka njiani. Sote tunajua magazeti huandika nini siku ya pili yake: "wananchi wenye hasira kali". Katiba, Ibara ya 13(6)(b), inakataza hata aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika, na huyu hajashtakiwa. Akiwa si yeye, anaweza kukufungulia kesi ya kashfa. Akiwa ndiye, umemwamsha: vitu vya wizi vitahamishwa usiku huo huo, na mpelelezi atakuta chumba kitupu.

Kuna hali moja ambapo hata kanuni kali kama ile ya Marekani inaruhusu habari kutoka nje ya vyombo vya dola: pale inapolazimu kuzuia hatari iliyo karibu kwa maisha au mali. Hata hapo kinachotolewa ni onyo lenyewe. Unaweza kuandika hivi: "Ndugu wakazi, nyumba 3 za upande wa bondeni zimevunjwa kati ya saa 8 na saa 10 usiku wiki hii. Wavunjaji wanaingilia madirisha ya nyuma. Washeni taa za nje, fungeni madirisha. Mkiona mtu msiyemjua piga 112 au mpigie polisi kata. Msimkamate wenyewe." Mwananchi amepata kila anachohitaji ili alale salama, na hakuna jina lililotajwa.

Na mwambie polisi kata wako, kwa heshima, kwamba akikupa jambo tena akueleze pia ulifanyie nini. Kumpa mtu siri bila kumpa masharti yake ni kumtwisha mzigo usio na kamba.

Nauza mbogamboga Mpwapwa. Najua nyumba inayofichwa bangi. Nikisema, jina langu litafika wapi? Wahusika ni majirani.

Mama, swali lako lina uzito, na jibu lake lina sehemu ambayo huenda usiipende. Tutaisema.

Kwanza namna ya kutoa habari. Usiende kuzungumzia kaunta ya kituo mbele ya foleni. Omba kuonana faraghani na mkuu wa upelelezi wa wilaya, au piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya dawa za kulevya. Mambo ya rushwa ni 113, TAKUKURU. Mweleze afisa umejuaje, kwa sababu asipojua hawezi kuipima habari yako. Kisha mwambie wazi: "Sitaki jina langu liandikwe kwenye taarifa."

Afisa anayejua kazi yake hufanya mambo mawili tofauti. Jina lako hukaa kwenye rejesta ya vyanzo, iliyofungiwa, na humo unapewa namba. Taarifa inayosafiri kwenda mkoani hubeba namba tu. Halafu anaisafisha. Ukimwambia "nimeona kupitia dirisha la jikoni kwangu wakishusha magunia mawili alfajiri ya Jumanne", akiyaandika maneno hayo hayo amekuuza, hata kama jina hakuliandika. Ni madirisha mangapi yanatazama ua ule? Anachopaswa kuandika ni kwamba inaripotiwa nyumba fulani hutumika kuhifadhia bangi inayoletwa kwa magunia nyakati za alfajiri. Siku imeondoka, dirisha limeondoka, idadi imeondoka. Mpelelezi mzuri huacha pia siku kadhaa zipite, au hutafuta sababu nyingine ya kufika pale, ili upekuzi usifuate mara tu baada ya wewe kuonekana kituoni. Una haki ya kumuuliza: "Mtakwenda lini, na mtasema mmejuaje?" Akishindwa kujibu, mwombe asiandike bado.

Sheria iko upande wako kwa kiasi kikubwa. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inasema hakimu au polisi hawezi kulazimishwa kutaja alikopata habari za kutendeka kwa kosa. Ipo pia sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi.

Sasa ile sehemu nyingine. Mtoa taarifa na shahidi ni watu wawili tofauti. Habari yako ikiwaelekeza polisi, nao wakapekua, wakakuta magunia mbele ya shahidi huru, ushahidi ni magunia, na wewe hauonekani popote. Lakini wakikuomba uje kusema mahakamani, kwa kawaida mshtakiwa atajua jina lako, kwa sababu anahitaji kumjua anayetoa ushahidi dhidi yake ili ajitetee. Usisaini maelezo ya shahidi kabla hujalielewa hilo. Mwulize afisa kila anapokupa karatasi: haya ni maelezo ya shahidi au la?

Na kinga hiyo haimfuniki anayetunga. Kumpa mtumishi wa umma habari unayojua ni ya uongo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu.

Nina gari la mizigo, Singida. Kwa miezi kadhaa nasimamishwa na kupekuliwa kila safari, na askari mmoja alisema "jina lako lipo". Sijawahi kushtakiwa. Litafutwa lini?

Tenganisha vitu vitatu ambavyo watu huviita "faili". Kuna kumbukumbu za waliotiwa hatiani na mahakama. Hizo ndizo zinazolinganishwa na alama za vidole mtu anapoomba cheti cha tabia njema, na kama hujawahi kutiwa hatiani hazikuhusu. Kuna jalada la kesi, linalofunguliwa tukio likiripotiwa. Na kuna taarifa za kiintelijensia, ambapo jina linaweza kuwa limeingia kwa kufanana tu na la mtu mwingine, au kwa gari ulilolinunua likiwa na historia yake.

Hii ya tatu ndiyo inayohitaji ukomo kuliko zote, kwa kuwa haijawahi kupimwa na hakimu. Marekani ukomo wa mapitio ni miaka 5. Interpol, chombo kinachounganisha polisi wa nchi mbalimbali, nao huweka miaka 5 kama muda wa mwanzo. Kwetu, Sheria ya mwaka 2022 inataka taarifa binafsi ziwe sahihi, zitumike kwa lengo lililokusudiwa na zisikae kupita muda unaohitajika. Na ingawa kazi ya kuzuia uhalifu imepewa nafuu, ofisi yoyote makini hufuata kipimo hicho hicho, kwa sababu orodha iliyojaa majina yaliyokufa humpotezea askari usiku mzima akipekua gari lisilo na kitu.

Fanya hivi. Kuanzia leo andika kila unaposimamishwa: tarehe, saa, mahali, namba ya askari, na walichokuuliza. Ukifika mara 4 au 5, mwandikie RPC barua, nakala kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa. Ambatisha orodha hiyo, nakala ya kitambulisho cha NIDA, kadi ya gari na mkataba wa ununuzi. Usiombe kuonyeshwa walicho nacho. Watakukatalia, na mara nyingine kwa haki. Omba wathibitishe kwamba utambulisho wako na wa gari haujachanganywa na wa mtu mwingine, na wasahihishe kama umechanganywa. Ombi la namna hiyo linajibika bila kufichua chanzo cha mtu. Peleka barua kwa mkono na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi. Usipojibiwa, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko, na ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Anza na gari. Kagua kama namba ya chesisi kwenye kadi na kwenye chuma ni moja.

Mfugaji, Kongwa. Ng'ombe wakiibwa, ndani ya siku mbili wako mkoa mwingine. Kwa nini taarifa haiwahi kuwafikia polisi wa kule?

Mara nyingi inawafikia, mzee wetu, ila imefika bila mwili. "Ng'ombe 12 wameibwa Kongwa" haimsaidii askari aliyesimama kwenye mnada wenye mamia ya ng'ombe. Ukienda kuchukua RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni, hakikisha maelezo yana idadi kwa jinsia na umri, rangi ya kila mmoja, alama ya chapa na iko ubavu upi, mkato wa sikio lipi, pembe iliyovunjika, ng'ombe mwenye kengele. Ongeza saa uliyowaona mara ya mwisho, saa uliyogundua, na nyayo zilielekea wapi. Saa hizo mbili ndizo zinazoonyesha wamefika umbali gani: wakiswagwa kwa miguu wako ndani ya wilaya au ya jirani, wakipakiwa kwenye lori usiku mmoja unatosha kuvuka mkoa. Omba taarifa iende kwenye minada na vizuizi vya njia hiyo, si wilayani tu, na wewe mwenyewe mpigie afisa mifugo wa kata, kwa kuwa yeye ndiye anayezijua ofisi zinazotoa vibali vya kusafirisha mifugo. Sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo ya mwaka 2010 ilitungwa kwa sababu kama hizi. Asiye na chapa hana cha kumtambulisha ng'ombe wake akimkuta kwenye mnada wa Msalato.

Piga picha za mifugo yako leo, pande zote mbili, kabla hawajaibwa.

Na wakipatikana, toa taarifa kituo ulichochukulia RB. Hili husahaulika sana. Maelezo yale yakiendelea kuzunguka, ipo siku wewe mwenyewe utakamatwa na ng'ombe wako.

Ni wakala wa pesa za simu, soko la Majengo. Askari kanzu anataka daftari langu la wateja. Nimpe?

Mwombe kitambulisho na hati ya maandishi. Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, mkuu wa kituo cha polisi anaweza kutoa amri ya kukutaka utoe data kwa ajili ya upelelezi. Kwa hiyo askari wa kweli ana njia, na haimchukui muda mrefu. Hati itaje kinachotakiwa, kwa mfano miamala ya namba fulani kati ya tarehe fulani. Toa hicho tu. Daftari zima lina wateja wasiohusika. Andika pembeni ulichotoa, kwa nani, tarehe na namba ya hati, umwombe asaini. Mjulishe wakala mkuu wako. Mteja usimwambie.

Ni dereva wa lori, Dodoma hadi Lubumbashi. Mpakani nimeambiwa jina langu linafanana na la mtu anayetafutwa na Interpol. Nitafanyaje?

Interpol haina askari wa kukukamata. Ni daraja la habari kati ya nchi wanachama 196, makao yake Lyon, Ufaransa, na kila nchi ina ofisi ya taifa ndani ya polisi wake. Tangazo jekundu linaomba mtu atafutwe na azuiwe kwa muda akisubiri kurejeshwa. Si hati ya kukamata yenyewe, na kila nchi huamua kwa sheria zake uzito wa kulipa. La bluu linauliza mtu yuko wapi au ni nani. La kijani linaonya kuhusu mhalifu. Kwa hiyo uliza kwanza ni rangi gani. Kifungu cha 3 cha katiba ya Interpol kinakataza kabisa kujiingiza katika mambo ya siasa, jeshi, dini au rangi, na nchi iliyotoa habari ndiyo inayobaki kuwa mwenye habari: inaweza kuweka masharti, kusahihisha au kuiondoa. Nchi yetu iko pia katika jumuiya za wakuu wa polisi za Afrika Mashariki na za Kusini mwa Afrika, nazo zina njia zao za kupeana habari, hivyo usidhani kila "mfumo" wa mpakani ni Interpol.

Kufanana majina huondolewa na vitu visivyofanana: tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, alama za vidole, picha. Safiri na pasipoti halisi, kitambulisho cha NIDA na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Mwombe afisa alinganishe tarehe ya kuzaliwa kabla ya kitu kingine, kisha alama za vidole. Ukiwa salama nyumbani nenda na nyaraka hizo polisi, uombe suala lako lipelekwe ofisi ya taifa ya Interpol.

Ukitaka kujua moja kwa moja kama wana chochote juu yako, andikia tume huru inayosimamia mafaili ya Interpol, huko huko Lyon. Ni bure, na wakili si lazima. Barua iwe kwa Kiingereza, Kifaransa, Kihispania au Kiarabu, isainiwe nawe, na iambatane na nakala ya kitambulisho. Ombi likishakubaliwa kuwa limekamilika, la kutaka kujua hujibiwa ndani ya miezi 4, na la kutaka kusahihisha au kufuta ndani ya miezi 9. Nchi iliyotoa habari inaweza kuwaomba wasikueleze kilichomo, hivyo jibu linaweza kuja fupi. Lihifadhi hata hivyo, na nakala yake iwe ndani ya gari.